Vizibo 44: kisa cha bili ya meza iliyohama

Bili ilisomeka shilingi 290,000. Mwenyekiti wa kamati yetu ndogo aliisoma mara mbili chini ya taa ya ukumbi, akaikunja, akaibana chini ya glasi, kisha akasema kwa sauti ya chini ambayo meza nzima tuliisikia: "Hapa tumepigwa." Dada aliyekuwa akituhudumia alisimama hatua moja nyuma yake, trei ameikumbatia kifuani. Ilikuwa saa 5 kasorobo usiku, Ijumaa ya mwisho ya Juni. Bendi inapiga, watu wamejaa, na sisi tumemaliza kumuaga mwenzetu aliyehamishiwa Singida.

Mwenyekiti alikuwa na hesabu yake: bia 38, siyo 46; mbuzi kilo 4, siyo 5. Bia moja ni 2,500 na kilo ya mbuzi 16,000, kwa hiyo tofauti ni 36,000. Akatuma 254,000 kwenye lipa namba ya kaunta, akamwonyesha dada ujumbe wa simu, akainuka. Nasi tukainuka. Dada akasema, "Kaka, hiyo iliyobaki inakatwa kwangu." Hakuna aliyemjibu. Hata mimi sikumjibu.

Kazi yangu ni ukaguzi wa ndani. Siku nzima nakaa na vocha na leja za watu wengine, nawauliza kwa nini tarakimu hii haikubaliani na ile. Usiku ule niliona tarakimu mbili zisizokubaliana, nikapanda bajaji nikaenda kulala. Usingizi haukuja. Jumamosi saa 4 asubuhi nilirudi pale peke yangu, nikaomba kukaa na mtu wa kaunta na daftari lake. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyoyakuta. Nayaandika kwa urefu kwa sababu naamini kisa kama hiki hutokea Dodoma kila mwisho wa wiki, na anayekilipia ni mtu mmoja tu.

Jina la mahali nalihifadhi. Ni baa kubwa ya bustani upande wa Kisasa, ya aina ambayo mkazi yeyote wa hapa anaijua. Ukipita getini unakutana na maegesho, halafu bustani: vibanda vya makuti, miarobaini iliyofungwa taa za rangi, viti vya plastiki. Mwisho wa bustani kuna jiko la kuchoma lenye kabati la kioo, mapaja ya mbuzi yananing'inia ndani yake. Kulia ni ukumbi wa mgahawa, wenye meza za mbao, jukwaa la bendi na jiko lake la ndani linalopika ugali wa mtama, mlenda, chipsi na ndizi. Katikati ya yote ipo kaunta yenye nondo, na dirisha dogo la kupitishia chupa.

Mahali hapa pamekua pamoja na mji. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanyika mwaka 1973, lakini serikali ilianza kuhama kwa kasi baada ya 2016. Mwaka 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji, na sensa ya 2022 ikahesabu watu 765,179 ndani ya jiji. Ongeza Bunge la bajeti, linaloanza Aprili na kumalizika mwishoni mwa Juni, na mwaka wa fedha wa serikali unaofungwa tarehe 30 ya mwezi huohuo. Ijumaa ya mwisho ya Juni kila mtu ana anayemuaga, anayempokea au anayepongezana naye. Meza hazitoshi, na mhudumu mmoja anabeba meza ambazo siku za kawaida zingegawanywa kwa wawili. Dada wetu aliniambia baadaye kwamba usiku ule alikuwa na meza saba.

Mifuko mitatu

Jambo la kwanza nililojifunza Jumamosi ni kwamba ile karatasi ya 290,000 ilikuwa bili tatu zilizoshonwa pamoja. Kaunta ni ya mwenye baa: bia 46, chupa moja ya mvinyo mtamu wa Dodoma, soda na maji, jumla 148,500. Jiko la kuchoma limekodishwa. Mchomaji analipa kodi ya sehemu, ananunua mbuzi wake mnadani, na hela ya nyama ni yake: kilo 5 za mbuzi na kuku wawili wa kienyeji, 120,000. Jiko la ndani ni la mama mwingine kabisa, anayelipa kwa siku. Kwake tulikula vya 21,500.

Mteja haoni mipaka hii. Anaona sare moja, trei moja, binti mmoja. Lakini binti huyo, kila anapovuka kutoka kaunta kwenda kwenye moshi, anatoka kwenye biashara ya mtu mmoja na kuingia kwenye ya mwingine, na kila upande unamwandika jina lake yeye. Kaunta haiandiki "meza ya kuaga". Inaandika jina la mhudumu, na chini yake vijiti: vinne vimesimama, cha tano kinavikata kwa mshazari. Chupa ikishapita kwenye lile dirisha dogo ni deni lake mpaka alirudishe kwa fedha. Mchomaji naye hufunga mapema na hataki kusubiri walevi, kwa hiyo dada anamlipa kutoka kwenye hela alizonazo mfukoni, hata kama ni za meza nyingine, akitegemea kuzifidia meza yetu ikilipa.

Ndiyo maana nilipouliza, "Mliandika hasara ya 36,000 wapi?" mtu wa kaunta alinitazama kama nimeuliza jambo la ajabu. Hakukuwa na hasara kwenye vitabu vya baa. Kulikuwa na shoti, yaani pungufu la hela analodaiwa mhudumu, na shoti ilikuwa ya dada.

Niseme pia kuhusu risiti, maana wengi tunadhani ndiyo kinga. Ile kauli ya Mamlaka ya Mapato, "Ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti", tunaijua wote, na tulidai. Risiti ya mashine iliyotoka ilikuwa ya vinywaji tu. Nyama iliandikwa kwa kalamu kwenye kipande cha daftari, na chakula cha ndani hakikuandikwa popote zaidi ya kichwani kwa dada. Risiti ingeweza kuthibitisha kiasi gani kaunta inasema imeuza. Isingeweza kusema nani aliyekunywa.

Kuhama

Tulifika saa 12 jioni, watu 9, tukakaa kibanda cha pembeni bustanini. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili. Kuanzia Mei unaweza kupanga sherehe ya nje bila kutazama juu, na baa za hapa zimejengwa kwa kutegemea hilo. Lakini mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, uwanda uko wazi, na upepo wa Juni na Julai jua likishazama hauna simile. Kufikia saa 2 makaratasi ya kufutia mikono yalikuwa yanaruka, kachumbari ina vumbi, na dada mmoja wa kwetu amejifunika kitenge mpaka masikioni. Saa 2 na nusu tukaamua kuhamia ukumbini.

Kuhama kulichukua dakika kumi hivi. Kila mtu alibeba glasi na chupa yake iliyokuwa na kitu ndani. Chupa tupu tuliziacha chini ya meza, na kijana wa usafi akazizoa kwenye kreti mara tu tulipoinuka, kwa sababu watu wengine walikuwa wamesimama wakisubiri kile kibanda. Mimi nakiita kitendo hiki kuchana ukurasa. Katika baa isiyo na kompyuta mezani, chupa tupu ndizo daftari la mteja. Tulizitupa wenyewe kisha baada ya saa mbili tukadai hesabu.

Ndani ya dakika hizohizo kumi yalitokea mambo mawili ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeyaunganisha na bili.

La kwanza: mwenzetu mmoja alikuwa amekutana na watu aliosoma nao UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, wamekaa kibanda cha jirani. Kwa kuwa tunahama, aliona si uungwana kuondoka kimya, akamwita dada: "Wape wale nne, andika kwetu." Dada akapeleka. Mwenzetu akasahau. Alisahau kwa moyo mweupe. Nilipompigia Jumamosi asubuhi alinyamaza kidogo, akasema, "Ee, kweli. Niliwapelekea."

La pili: wenzetu wawili walikuwa wanatoka Dar es Salaam kwa treni ya umeme, ile iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024 na kuwafanya watu waahidi kuja kwenye kuaga jioni kwa jioni. Walifika na mabegi yao, wakatutafuta kwenye kibanda walichoelekezwa, wakakuta nyuso ngeni. Wakakaa meza ndogo karibu na geti, wakaagiza bia mbili kumaliza vumbi la safari, wakamwambia dada, "Sisi ni wa wale wanaoaga." Dada akawaelewa, akaziandika kwetu. Walipotupata baadaye ukumbini walikuja mikono mitupu, na mwenyekiti akaanza kuwahesabia kutoka hapo.

Sasa turudi kwenye 38 ya mwenyekiti. Niliichukulia kuwa hesabu ya hasira, na nilikosea. Aliniambia alivyoipata: wakati tunainuka bustanini alitupia jicho chini ya meza, akaona chupa 17, mwisho wa usiku ukumbini alihesabu 21. Jumla 38. Nimeipima kwa kila njia, na iko sawa kabisa. Meza yetu ilikunywa bia 38.

Mfuko wa nailoni

Kuna jambo nililiona usiku ule kwa macho yangu na sikulitilia maanani. Mwenyekiti alipokataa bili, dada aliingiza mkono kwenye mfuko wa aproni akatoa kijifuko cha nailoni kilichofungwa fundo, akakiweka mezani. Ndani kilikuwa na vizibo. Mwenyekiti alikisogeza kwa mgongo wa mkono. "Vizibo vinaokotwa popote, dada yangu." Kikabaki pale karibu na sahani ya mifupa.

Jumamosi nilimsubiri mpaka alipoingia zamu, saa 9 alasiri. Nilimwomba radhi kwanza, kisha nikamuuliza kama bado anacho. Alikuwa nacho, kwenye mkoba wake, fundo lilelile. Akanieleza utaratibu wake. Kila bia anaifungua mbele ya mteja, ili mteja aone haijachezewa. Kizibo hakiachi kianguke chini, anakirudisha kwenye kiganja kilichoshika opena. Kila meza ina mfuko wake, na kwenye fundo anafunga uzi wa rangi. Meza yetu ilikuwa uzi wa kijani. Hakufundishwa na mtu. Alianza baada ya shoti ya kwanza, aliyokatwa karibu nusu ya mshahara.

Tulivimwaga mezani tukavipanga kumikumi. Vingi vimejikunja katikati pale opena ilipobana, na vichache bado vina ukungu wa bia kavu kwa ndani. Vilikuwa 44.

Kwa hiyo tulikuwa na tarakimu tatu. Mteja anasema 38, mhudumu ana 44, kaunta ina vijiti 46. Mtu wa haraka angesema wawili wanadanganya. Ukweli ni kwamba kila mmoja alihesabu kitu tofauti. Mwenyekiti alihesabu chupa zilizonyweka mezani kwake. Dada alihesabu chupa alizozifungua kwa jina letu, zikiwemo 4 za majirani na 2 za getini: 38 na 6 ni 44. Kaunta ilihesabu chupa zilizopita dirishani.

Zilibaki 2 kati ya 44 na 46. Hapa alisaidia mwenyewe aliyekuwa akiagwa. Alikuwa na mafua, na alipoletewa bia mbili za baridi, yake na ya jirani yake, alisema wao wanakunywa ya moto. Dada akazirudisha zikiwa bado zina vizibo, akapewa mbili za moto. Mtu wa kaunta, huku watu wamejazana dirishani, alichora vijiti viwili kwa zile za moto na hakufuta viwili vya zile za baridi. Nilipomwuliza hakubisha. Alisema usiku wa Ijumaa anachora tu, kufuta ni kazi ya asubuhi, na asubuhi hiyo hakuna aliyekuja na hoja. Inabidi mtu awe na kizibo mkononi ndipo hoja iwepo.

Kilo ya tano

Nyama ilinichukua muda zaidi, kwa sababu hapa ndipo tulipokuwa na uhakika zaidi. Tuliagiza kilo 3 kupitia dada. Sahani ilipofika watu walinung'unika kuwa ni ndogo. Mwenyekiti akasema anakwenda kuongeza mwenyewe, akavuka bustani mpaka kwenye moshi, akarudi akitwambia, "Nimeongeza." Sisi tukaelewa kilo 1. Wengi wetu huongeza kilo 1.

Mchomaji ni mtu wa maneno machache. Jumamosi alinionyesha mizani yake, yenye stika ya Wakala wa Vipimo, akanionyesha na kipande chake cha karatasi. Mwenyekiti alikuwa amechagua paja kwenye kabati la kioo, likapimwa likawa na kilo 2 kasoro kidogo. Mchomaji akaongeza kipande cha mbavu kufikisha 2, mwenyekiti akatikisa kichwa kukubali, akaondoka kabla karatasi haijaandikwa. Nilimpigia nikamkumbusha lile paja na zile mbavu. Akazikumbuka mbavu. Alisema, "Nilidhani kazitupia tu kama nyongeza."

Na ule udogo wa sahani? Kilo ya baa hupimwa mbichi. Msuli wa nyama karibu robo tatu yake ni maji, na mkaa kazi yake ni kuyatoa. Kilo moja ya mbuzi ikikaa vizuri juu ya moto inaweza kushuka mezani ikiwa gramu 700 hivi, na ndani yake kuna mfupa ambao hakuna anayeula. Kilo 3 zetu zilikuja mezani kama kilo 2 na kidogo, zimekatwakatwa juu ya ubao pamoja na ndizi na pilipili. Tulichokiona kwa macho kilikuwa kweli, ila tulikilinganisha na uzito wa kabla ya moto. Ukitaka kuridhika, simama mizanini wakati nyama bado mbichi, soma namba, uiseme kwa sauti mbele ya mhudumu. Mwenyekiti alisimama mizanini, namba hakuileta mezani.

Kwa hiyo katika 36,000 tulizokataa, 31,000 zilikuwa zetu kihalali: bia 6 na kilo moja ya mbuzi. Zilizobaki 5,000 lilikuwa kosa la kaunta. La dada halikuwepo hata shilingi.

Kwa nini iangukie kwake

Mwenye baa, niliyeongea naye kwa simu, hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa upole kwamba asipokata shoti, wahudumu watapanga na wateja na bia zitaisha. Namwelewa. Wizi upo, na kaunta isiyofungwa hesabu hufilisika. Lakini kukata kiholela hakumtofautishi mwizi na mwenye mfuko wa nailoni, wala hakumpi yeyote sababu ya kutafuta kijiti kilichozidi.

Na sheria haimruhusu afanye vile. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inazungumzia makato hayahaya. Ili hasara ikatwe kwenye mshahara, lazima iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Mwajiri amweleze kwa maandishi chanzo, kiasi na jinsi kilivyopigiwa hesabu. Mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga. Makato yasizidi hasara halisi, wala yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Pima usiku wetu kwa mizani hiyo: hakuna maandishi, hakuna nafasi ya kupinga, na kosa si lake. Nusu ya mshahara aliyokatwa mara ya kwanza ilikuwa imevuka mpaka hata kama kosa lingekuwa lake. Nilimsomea mwenye baa kifungu hicho polepole. Alikaa kimya, kisha akaniomba nimtumie kwa ujumbe. Nilimtumia.

Sisi wateja tunapenda kuamini kwamba ugomvi wa bili ni kati yetu na baa. Baa haikuwepo pale mezani. Alikuwepo mtu mmoja mwenye trei, na kila tulichokikataa kilimshukia yeye kabla hakijafika kwa mwenye mali. Mwenyekiti wetu ni mtu mwadilifu, ofisini hawezi kumkata mtu posho bila maelezo. Alipoona 46 hakuuliza "zimetokaje?" Alisema "tumepigwa", na neno hilo likafunga uchunguzi kabla haujaanza. Kama angechukua ule mfuko na kuhesabu, dakika tano zingetosha. Wale wa UDOM walikuwa bado bustanini, na wale wawili wa treni walikuwa wamekaa kiti cha tatu kutoka kwake.

Nimeulizwa na wenzangu tufanyeje safari ijayo, na jibu langu ni dogo. Mtu mmoja aagize kwa niaba ya meza, na zawadi ya bia kwa meza nyingine ipite kwake. Meza ikihama, hesabu ifungwe kabla ya kuinuka, hata kama upepo unarusha sahani: dada aite namba, mmoja wenu aiandike kwenye simu, nyama ya kwanza ilipwe palepale. Kulipa kila raundi ni salama zaidi, ingawa najua sherehe ya michango haiendi hivyo, na mimi mwenyewe sipendi kuchezea simu kila baada ya nusu saa wakati bendi inapiga. Ila kufunga hesabu mnapohama, hilo halina udhuru.

Jumamosi ile nililipa 31,000 kwenye lipa namba kutoka mfukoni kwangu. Mwenyekiti alipopata habari ya paja na mbavu alinirudishia zote kabla ya magharibi, pamoja na ujumbe mfupi wa kuniomba namba ya dada ili amwombe radhi mwenyewe. Sikuwa nayo. Nikamwambia anaingia zamu saa 9.

Kabla sijaondoka, mtu wa kaunta alifungua daftari ukurasa wa Ijumaa. Chini ya jina la dada kulikuwa na mafungu tisa ya vijiti na kijiti kimoja pekee. Dada alisimama upande wa pili wa nondo, mfuko wenye uzi wa kijani uko mkononi. Mtu wa kaunta akatafuta kalamu nyekundu, akafuta kile kimoja, halafu kingine kwenye fungu la tisa, akaandika pembeni 44, akamgeuzia daftari asome. Dada aliinama karibu na dirisha, akafuata vijiti kwa kidole, fungu kwa fungu, mpaka mwisho. Kisha akafungua fundo, akavimwaga vizibo vyetu kwenye pipa, akaukunja mfuko mtupu akaurudisha kwenye aproni. Meza ya kwanza ya jioni ilikuwa imeshaanza kumwita.